Vyungu Viwili, Dawa Moja

Laiti Hanifu angezidiwa siku mbili baadaye, mengi yasingetokea. Lakini siku aliyozidiwa dukani kwake Majengo, akimpimia mteja dengu, koo limekauka na macho yanaona ukungu, ilikuwa zamu ya mke mdogo. Kwa hiyo Nasma ndiye aliyepigiwa simu. Nasma ndiye aliyepanda naye bajaji mpaka hospitali, na Nasma ndiye aliyekalishwa kwenye kiti mbele ya daktari akaelezwa habari za kisukari. Tabu, mke mkubwa, aliyeolewa wakati Hanifu bado anauza karanga chini kwenye gunia, alizipata habari hizo kesho yake asubuhi kwa simu, tena kutoka kwa mke mwenzake.

“Shikamoo dada,” Nasma alianza.

“Marahaba. Kuna nini asubuhi yote hii?”

“Baba Ikram amekutwa na sukari. Iko juu sana, ila kapewa dawa na sasa hajambo. Dokta kanielekeza chakula chote. Ugali usizidi ngumi yake, uwe wa dona au wa uwele. Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Chai bila sukari, soda hapana, wali mara moja moja tena kidogo. Nimeona nikuambie mapema, zamu ikija kwako kesho upike hivyo.”

Mke mwingine angeshika kichwa kwa kusikia mumewe ana sukari. Tabu naye alishtuka, msimwone hana utu, moyo ulimpasuka kabisa. Lakini kilichobaki kikimchoma alipokata simu hakikuwa sukari. Kilikuwa yale maneno ya mwisho, upike hivyo. Yeye, Tabu, binti aliyezaliwa Kolo, ambaye Hanifu alikuwa akiwaita rafiki zake waje waonje mboga yake, leo anapangiwa chungu na mtoto aliyeletwa nyumba ya pili juzi tu, ambaye alipoolewa hata kuku wa kienyeji alikuwa hajui kumchinja.

“Upike hivyo,” alijisemea huku akifagia uwanja kwa hasira, vumbi likimrudia mwenyewe usoni.

Zamu zao zilikuwa za siku mbili mbili. Hanifu hakuwa mtu wa kupendelea waziwazi. Siku mbili alilala Majengo kwa Tabu, siku mbili Chang'ombe kwa Nasma, na mwenye zamu ndiye aliyempelekea chakula cha mchana dukani kwenye hotipoti. Mpango huo ulikwenda miaka yote bila ugomvi mkubwa. Tabu hakumpenda Nasma, hilo kila mtu alilijua, lakini hakuwa na la kumshika. Nasma alimwamkia, alimwita dada, siku za Idi alimletea zawadi. Mtu wa namna hiyo anaudhi sana kwa sababu huwezi hata kumkasirikia ukaeleweka.

Hanifu alipofika kesho yake, Tabu alimpokea mfuko, akamwekea maji ya kunawa, halafu akamuuliza moja kwa moja.

“Baba Salma, ugonjwa ni wako, na mimi ni mkeo. Mbona habari zako naletewa na watu?”

“Watu gani tena? Nasma ndiye aliyekuwepo.”

“Na simu yako nayo ilikuwa kwa daktari?”

Hanifu alicheka kwa uchovu. Tabu akapakua. Na tuseme haki yake, siku ile alipika vile vile alivyoambiwa, kwa shingo upande, lakini alipika. Ugali wa uwele, mlenda, na mchicha uliokaangwa kwa mafuta kidogo ya alizeti. Hanifu aliutazama ule ugali, akaukunja mkono wake kando yake kupima ngumi, akahema.

“Huku nako hivi hivi,” alisema. “Basi nyumba zote mbili zimekuwa hospitali.”

Alipomaliza kula alinawa, akakaa akitazama mlango, kisha akasema kwa sauti ndogo ya mtu anayeona haya, “Unajua nina hamu na nini? Ile pilau yako.”

Jamani, mwanamke aliyeambiwa upike hivyo na mke mwenzake, akisikia maneno kama hayo atafanya nini? Tabu alijikaza usiku ule. Kesho yake mchana, hotipoti iliyokwenda dukani ilikuwa na pilau, nyama yake imeiva inaachia mfupa, na juu yake kachumbari. Kidogo tu haidhuru, alijiambia, si anameza dawa? Hanifu alirudi jioni anapiga mluzi. Aliingia, akavua viatu, akamwita Mtabu, jina alilokuwa akimwita zamani walipokuwa wachumba, na akasema, “Leo ndio nimekula. Hapa ndipo nyumbani.”

Hapa ndipo nyumbani. Tabu alilala na maneno hayo akiyageuzageuza kinywani. Kwa miaka mingi alikuwa akimtazama mumewe akiondoka kwenda Chang'ombe akiwa amenyoa ndevu na kujipaka mafuta, naye akijifanya hamnazo, akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Sasa mambo yamegeuka. Kule anakwenda kupimiwa ngumi, huku anakuja kula. Acha yule mwenye daktari wake ashike daktari wake.

Tangu hapo nyumba ya Majengo ikawa nyumba ya utamu. Asubuhi chapati na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Mchana wali au pilau, jioni ugali wa sembe nyeupe, mlima mzima, na soda baridi ya kushushia. Hanifu mwanzoni alikuwa akisema, “Dokta akijua je?” Baadaye hakusema tena. Zamu ya Nasma ikimalizika alikuwa anakuja mapema, hata kabla ya kufunga hesabu za duka, na Tabu akimsikia akikohoa mlangoni alitabasamu peke yake jikoni. Wivu wake ulikuwa bado upo pale pale, ila sasa ulikuwa umepata chakula.

Na alikuwa haachi kumchokoza. “Jana ulikula nini huko?”

“Mlenda na mchicha.”

“Na juzi?”

“Mchicha na mlenda.”

“Masikini baba wa watu,” Tabu alisema, akamwongezea nyama.

Siku ya kliniki iliangukia zamu ya Tabu. Alivaa gauni lake la kitenge jipya na ushungi mweupe, akajipulizia manukato, akapanda bajaji na mumewe mpaka hospitali. Alitaka daktari huyo naye amwone. Walikaa kwenye foleni mpaka wakachoka, kisha wakaitwa.

Dokta Kefa alikuwa kijana, mwepesi wa maneno, uso wake mzuri lakini macho yamechoka. Nje ya mlango wake watu walikuwa wamejaa benchi zote na wengine wamesimama. Alimsalimia Tabu vizuri, “Shikamoo mama,” akaangalia majibu ya kipimo cha asubuhi, kisha akanyanyua macho akitafuta kitu nyuma yake.

“Yule mama mwingine hakuja leo? Yule alinielewa sana. Kila nilichomweleza aliuliza swali.”

Maneno haya yalimwingia Tabu kama mwiba wa mgunga. “Mimi ndiye mke mkubwa,” alisema.

“Ahaa, sawa sawa.” Daktari aliitikia kama mtu aliyeambiwa mvua haijanyesha. “Haya, sukari bado iko juu. Anafuata chakula?”

Hanifu alitazama dari. Alitazama dari kwa bidii, mtu mzima na kilemba chake, akimwachia mkewe swali. Tabu alijua lazima ajibu. Alijua pia jana yake usiku mumewe alikula nini, maana mwenyewe ndiye aliyekisonga. Lakini aliona mbele yake daktari anamsubiri, na nyuma ya daktari akamwona Nasma aliyeelewa sana, anayeuliza maswali. Akiri hapa kwamba nyumba ya mke mkubwa ndiyo inayomharibu? Afadhali afe.

“Anafuata kila kitu, dokta,” alisema. “Tena kwangu ndiyo kabisa.”

“Basi dawa haitoshi,” Dokta Kefa alisema. “Namwongezea. Ameze asubuhi na jioni, na chakula kiendelee hivyo hivyo mlivyozoea. Mwingine aingie.”

Hakuuliza jana alikula nini. Hakuuliza huyo mke mdogo anaishi wapi na huyo mume anakula sahani zake kwa nani. Mlango ulifunguliwa, bibi mmoja mwenye fimbo akaingia, na Hanifu na Tabu wakatoka. Njiani Hanifu alimwambia, “Umeniokoa,” wakacheka wote wawili kwenye bajaji kama watoto walioiba miwa.

Lakini dawa ni dawa. Tangu iongezwe, Hanifu alianza kubadilika, na mabadiliko yenyewe yalikuwa ya zamu. Akiwa Majengo alikuwa sawa tu. Akirudi kutoka Chang'ombe alikuja amesawijika, midomo mikavu, anasema mikono inamtetemeka na jasho linamtoka hata kivulini. Tabu alipomwona hivyo aliumia kwelikweli. Lakini kuumia kwake kulikuwa kumechanganyika na kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa kitamu.

“Anakunyima chakula,” alimwambia. “Angalia ulivyo.”

“Ni masharti tu ya daktari.”

“Daktari alisema ufe?”

Na Tabu hakuishia hapo. Alimpigia wifi yake, Bi Mgeni, dada mkubwa wa Hanifu, mama mkali anayeishi Kondoa mjini ambaye ukoo mzima unamwogopa. “Wifi, ndugu yako anashindishwa njaa Chang'ombe,” alimwambia. “Mimi sitaki kusema maneno. Njoo umwone mwenyewe.” Hakuzua, alijiambia. Si kweli kwamba anarudi amekonda? Bi Mgeni alifunga safari, akashukia kwa Tabu, akalishwa pilau, na kila alipouliza akapewa jibu lenye chumvi kidogo.

Bi Mgeni alikuwa bado yuko Majengo simu ilipoita, saa ya magharibi. Ilikuwa zamu ya Nasma. Sauti ilikuwa ya jirani yake wa Chang'ombe: Hanifu kaanguka, hajitambui, wanamkimbiza hospitali.

Tabu hakumbuki walifikaje. Anachokumbuka ni korido, harufu ya dawa ya kupigia deki, na Nasma amekaa chini sakafuni, kanga imemwangukia mabegani, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna. Bi Mgeni alimfikia kabla ya Tabu.

“Umemuua ndugu yangu kwa njaa.”

“Sikumnyima, shangazi yake Ikram, wallahi sikumnyima.” Nasma alikuwa akilia mpaka maneno yanakatika. “Alirudi kutoka dukani kachelewa. Akaanza kutoka jasho, anatetemeka, akaniambia nimpe chai ya sukari. Nikamkatalia. Akaniomba tena. Nikamwambia dokta kasema sukari ni sumu kwako. Akaniomba mara ya tatu hata sauti haitoki, mimi nikamficha kopo la sukari. Halafu akaanguka.”

“Mwenyewe anasema,” Bi Mgeni aliwageukia watu waliokuwa kwenye korido. “Mtu anaomba chai anafichiwa sukari.”

Na Tabu? Tabu alisimama pale na mume wake yuko nyuma ya mlango haijulikani kama atatoka, na ndani ya hofu ile, aibu tupu, alisikia furaha. Ilikuwa ndogo lakini ilikuwepo. Yule aliyeelewa sana yuko chini sakafuni, na kila mtu anamwona.

Mlango ulifunguka, akatoka Dokta Kefa, mikono ya koti ameikunja. “Ameanza kufungua macho,” alisema, na wote watatu wakaita jina la Mungu kwa pamoja. “Sukari ilishuka mno. Mngechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mengine. Tumemwekea maji ya sukari kwenye mshipa.” Alimwangalia Nasma. “Mama, nilisema mpunguze, sikusema umnyime.”

“Ngumi moja, dokta. Wewe mwenyewe ulisema ngumi moja na mboga nusu sahani. Sijawahi kupunguza wala kuzidisha.”

“Kila siku?”

“Kila siku ya zamu yangu.”

Daktari alisugua paji la uso. “Hainiingii akilini. Mtu anayekula hivyo sukari yake isingekuwa juu vile siku ya kliniki. Labda mwili wake hauzipokei hizi dawa sawasawa. Itabidi nizitoe, tuanze sindano.”

“Muanzishie hata sindano,” Bi Mgeni alidakia, “lakini ukitaka apone mwondoe kwa huyu. Kwa huyu mke mkubwa hajawahi kuanguka hata siku moja. Kwa Tabu anakula, anashiba, anacheka.”

Alisema kwa nia njema. Alimpigapiga Tabu bega akisema hivyo. Na Dokta Kefa, ambaye siku ya kliniki alipitwa na neno hilo hilo la mke mkubwa, safari hii aligeuka polepole.

“Kwako anakula nini, mama?”

Tabu alimwona Nasma ameinua uso, macho mekundu, anamtazama. Bi Mgeni naye anamtazama, anasubiri kusikia ndugu yake alivyotunzwa. Jibu lilikuwa rahisi kabisa: kama huko huko, dokta. Angelisema, mambo yangekwisha. Nasma angebaki mwuaji wa Chang'ombe mpaka kufa kwake, na yeye angebaki Tabu wa Majengo, mke aliyejua kumtunza mume. Na Hanifu angechomwa sindano iliyopimwa kwa uongo wake. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na kwa upenyo ule Tabu aliona nyayo za mumewe mwisho wa kitanda, zimetulia, kisigino kimepasuka pale pale alipokuwa akimpaka mafuta kila Ijumaa.

“Pilau,” alisema.

“Unasemaje, mama?”

“Anakula pilau. Chapati, wali, sembe nyeupe mpaka anaacha mwenyewe. Chai ya sukari. Na soda. Kila siku ya zamu yangu. Ile siku ya kliniki nilikudanganya.”

Bi Mgeni aliondoa mkono begani kwake. Nasma aliivuta kanga yake mabegani, akajifunika; kama angetoa tusi ingekuwa afadhali. Dokta Kefa alikwenda kukaa kwenye benchi, mtu ambaye tangu asubuhi yuko miguuni, akatazama sakafu.

“Kwa hiyo dawa niliipima kwa chungu chako,” alimwambia Tabu, “akaenda kuimeza kwenye chungu cha huyu. Na mimi uliniambia wewe ni mke mkubwa. Nilisikia. Nikaita mwingine aingie.”

Halafu aliwaita wote wawili wakae, mmoja huku na mmoja huku, akaanza upya kana kwamba hajawahi kumweleza mtu. Safari hii hakukimbia. Aliwaeleza ngumi na nusu sahani. Kisha akaeleza lile ambalo hakumweleza Nasma siku ya kwanza: anayemeza dawa hizi akichelewa kula sukari inaweza kushuka, na ikishuka, akitoka jasho, akitetemeka, hapo sukari si sumu, sukari ndiyo dawa, apewe mara moja bila kuuliza. Nasma alisikiliza hilo huku machozi yanamtiririka kimya. Mwisho daktari akasema, “Mwezi mmoja nataka ale chungu kimoja. Nipate kujua dawa ya kumpa. Zamu zenu za usiku hazinihusu, lakini chakula kitoke jiko moja. La nani, mtaelewana wenyewe.”

Hakukuwa na la kuelewana. La Nasma, nani asiyejua? Hata Tabu alijua. Usiku kucha alijua, na wivu ulimkaba mpaka akaketi kitandani. Mwezi mzima hotipoti itatoka Chang'ombe. Hata siku za zamu yake mwenyewe, mume amekaa kwenye mkeka wake, atamfunulia kifuniko cha mke mwenzake.

Asubuhi alikwenda Chang'ombe kumaliza hilo jambo kabla hajaambiwa na watu. Ua ule alikuwa hajaukanyaga tangu siku ya harusi ya Nasma. Ulikuwa umefagiwa vizuri, una hata mche wa mzabibu unaopanda kwenye nguzo, na hilo nalo lilimuudhi. Nasma alikuwa jikoni, akachomoka, akasita.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Sitakaa. Nimekuja kukuambia pika wewe. Ulielekezwa mwanzo, ukashika, mimi nikaharibu. Basi.”

Nasma aliburuta kigoda, akakiweka karibu na Tabu, naye akakaa juu ya kinu kilichokuwa kimelala.

“Unajua mimi nilikuwa nakuonea wivu kiasi gani?” aliuliza.

“Wewe? Mimi?”

“Alikuwa anatoka kwako ananukia pilau, dada. Unafikiri sikuisikia? Anaingia hapa amenuna tangu mlangoni. Anakula kama anameza vidonge. Hanitanii tena, hanisifii, anasubiri siku mbili ziishe arudi kwako. Daktari yule alinipa mimi kazi ya kumnyima. Mimi peke yangu. Wewe ukabaki na kazi ya kupendwa.” Alifuta pua kwa ncha ya kanga. “Nilijua unampikia. Sikukusema kwa daktari wala kwa mtu. Nilifikiri nikikusema ataniona nakuonea donge, atanichukia moja kwa moja.”

Miaka yote Tabu alifikiri wivu uko Majengo tu.

“Mwezi huu nipe mimi,” alisema.

Nasma alimwangalia kwa macho madogo. Alikuwa na haki. “Unataka chungu.”

“Nakitaka, sikudanganyi. Roho itaniuma mwezi mzima kikiwa kwako. Lakini ukipika wewe tena, wewe ndiye utakayechukiwa tena, na mimi nitabaki kuwa pilau. Nimechoka kupendwa kwa pilau, Nasma. Nipe mimi hiyo kazi ya kumnyima.”

Jua lilikuwa limepanda. Nasma alichezea ncha ya kanga yake kwa muda mrefu, akitafuta mahali ambapo pana mtego.

“Nitakuja kukagua masufuria,” alisema mwishowe.

“Njoo.”

“Bila hodi.”

“Njoo bila hodi.”

Hanifu alitoka hospitali mnyonge lakini mzima, akaambiwa chakula kitatoka Majengo, na uso wake ukang'aa, masikini, kwa sababu alidhani anajua maana yake. Jioni ile alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Tabu akafunua. Ugali wa uwele kiasi cha ngumi, mlenda bakuli zima, mchicha nusu sahani, kipande cha samaki wa kuchoma. Pembeni chai, haina sukari.

Hanifu alitazama sahani, akamtazama mkewe. “Hata wewe, mama Salma?”

“Hata mimi.”

Alinuna siku ile, akanuna na kesho yake. Hakumwita Mtabu tena. Siku za zamu ya Nasma, hotipoti ilikwenda Chang'ombe kwa bajaji, na Tabu aliyeipeleka alikuwa akimsikia mumewe nyuma ya ukuta akicheka na Nasma, maana Nasma sasa hakuwa na la kumnyima. Kicheko kile kilikuwa kikimfuata mpaka Majengo. Alikuwa akirudi, anashika ufagio, anafagia uwanja usio na taka.

Jioni moja, wiki ya pili au ya tatu, Hanifu alichovya tonge kwenye mlenda, akalitia mdomoni, akatafuna taratibu. Rangi yake ilikuwa imerudi. Jasho halimtoki tena, na kipimo cha juzi daktari alikifurahia. Gunia la mchele lilikuwa pale nyuma ya mlango wa jiko, halijafunguliwa.

“Unajua,” Hanifu alisema, “mlenda wa Nasma ni mzuri kuliko huu wako.”

Katika maisha yake yote ya ndoa ya mitala, hilo ndilo neno ambalo Tabu alikuwa amejipanga asilisikie kamwe. Alikuwa akijua kabisa cha kufanya ili kesho mumewe asiliseme tena. Mchele ulikuwa hatua chache tu, na nyama haikosekani Majengo. Hanifu alikwishamaliza ngumi yake moja, na sasa alikuwa akinyoosha mkono kwenye ule ugali wa Tabu mwenyewe.

“Nitamuuliza anaupikaje,” Tabu alisema, na akauvuta ule ugali upande wake, mbali na mkono wa mumewe.